Mvumo Katika Kurekodi Darsa Nyumbani: Chanzo Chake na Namna ya Kuuondoa

SWALI:

Niko Sengerema, Mwanza. Namrekodi baba yangu darsa zake za tafsiri, naye sasa ni mtu mzima sana. Chini ya sauti yake kuna mvumo usiokatika. Fundi mmoja ameniambia niikate pini ya ethi kwenye plagi ya miksa. Je, nifanye hivyo?

JIBU:



Usiikate. Pini hiyo ndiyo inayoupeleka umeme ardhini pale waya wa moto unapogusa bodi ya chuma. Ukiikata, huenda mvumo ukaondoka, lakini siku ya hitilafu umeme utampitia mzee aliyeshika maikrofoni. Kanuni ya fiqhi ni kuwa madhara huondolewa, wala hayaondolewi kwa madhara mengine.

Mvumo huu ni nini?

Umeme wetu ni wa volti 230, nao hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Ukiingia kwenye waya wa sauti husikika kama mvumo mzito wa hezi 50, mara nyingi pamoja na hezi 100. Unguja na Pemba hupata umeme kutoka bara kwa nyaya zilizopita chini ya bahari, basi mvumo wa Sengerema na wa Wete ni mmoja, na dawa yake ni moja.

Namna ya kuutafuta

Vaa hedifoni, rekodi ukimya kwa nusu dakika, na ubadilishe kitu kimoja tu kila mara.

1. Zima feni na friji. Mvumo ukipungua, ulikuwa unapita hewani.

2. Chomoa chaja ya laptopu, utumie betri. Mvumo ukikatika, laptopu na miksa zimeshika ethi kwa njia mbili, na waya wa sauti umefunga mzunguko. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi, au endelea kurekodi kwa betri.

3. Chomoa waya wa maikrofoni kwenye miksa. Ukimya ukirudi, kasoro iko kwenye waya au maikrofoni. Waya wa XLR wenye pini tatu huzuia mvumo vizuri kuliko wa jeki ya kawaida. Usiulaze sambamba na waya wa umeme.

4. Mlio wa kukatikakatika hutokana na simu. Iweke mbali.

5. Wanaotumia sola wajue kuwa inveta za bei nafuu huleta mlio mkali. Izime, urekodi kwa betri.

Ukihisi chuma cha kifaa chochote kinatekenya mkono, zima swichi kuu na umwite fundi umeme apime ethi ya nyumba.

Zilizokwisha kurekodiwa

Hifadhi nakala ya asili kwanza. Kisha, kwa programu ya bure kama Audacity, punguza sauti zilizo chini ya hezi 80. Usizidishe kusafisha, kwani herufi kama siin na thaa hufifia, na msikilizaji wa Qur-aan anazihitaji.

Tunakunasihi usingoje vifaa vikamilike. Mrekodi mzee wako leo kwa betri. Darsa yenye mvumo kidogo ni bora kuliko ambayo haikurekodiwa.

Wa Allaahu a'lam.