Shida ya mahali: kutafuta ukoo Uasin Gishu

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiandika programu ndogo ya kuhifadhi habari za ukoo wetu. Nilidhani majina na tarehe ndiyo yangenisumbua. Kumbe ni mahali.

Kwa Waingereza kazi hii ni nyepesi kidogo. Mwaka 1538 makasisi wao waliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi katika kila parokia. Kaunti na migawanyo yake inaweza kubadilika, lakini ukijua parokia umejua daftari la kufungua.

Huku kwetu je? Hadi 1902 nyanda hizi za Uasin Gishu zilikuwa chini ya Uganda. Ndipo Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukahamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Mji wenyewe ulianzia Shamba Namba 64, ndiyo maana wazee huuita Sisibo. Jina Eldoret lilikuja 1912. Baadaye tukawa wilaya katika Mkoa wa Bonde la Ufa, na tangu 2013 sisi ni kaunti, moja kati ya 47. Mtu hajahama hata hatua moja, lakini anwani yake imebadilika mara kadhaa!

Kanisa nalo lina ramani yake. Kwa Wakatoliki, Eldoret ilitengwa na Kisumu mwaka 1953, ikawa jimbo 1959, na Kitale ikatoka kwake 1998. Kwa hiyo usitafute karatasi za kanisa za miaka ya 1940 chini ya jina la Jimbo la Eldoret. Halikuwepo.

Gumu zaidi ni kipande. Sheria yake ni ya 1915, na kilianza kubebwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kiliandika jina, kabila, wilaya na waajiri wa mwanamume. Wanawake hawakuwa nacho, kwa hiyo nyanya zetu hawamo kabisa. Tena wilaya iliyoandikwa ilikuwa ile ya rizavu, wala si shamba la mlowezi. Hivyo skwota aliyezaliwa na kukulia Uasin Gishu angeweza kuonekana kwenye karatasi kuwa mtu wa kwingine.

Hapa Eldoret jambo hilo si la mzaha. Mwanzoni mwa 2008 watu walifurushwa majumbani mwao kwa hoja kwamba kwao si hapa. Programu inayonakili neno la kipande na kuliita "mahali pa kuzaliwa" inarudia uamuzi wa karani wa mkoloni.

Basi nimefanya hivi. Kila mahali pana namba yake isiyobadilika. Jina la mahali na mamlaka iliyo juu yake vina mwaka wa kuanza na mwaka wa kwisha. Kisha nimetenganisha mambo matatu: alikozaliwa mtu, kilichoandikwa kwenye karatasi, na ofisi au kanisa linalotunza karatasi hiyo.

Wewe unayeanza, usimuulize mzee "ulizaliwa wilaya gani?" Muulize shamba lilikuwa la mzungu gani, nani alimbatiza, na chifu alikuwa nani. Majibu hayo ndiyo yatakayokupeleka kwenye daftari. Muulize mapema, maana daftari laweza kungoja, mzee hangoji.