Wodi Inapojihami

Mwanafunzi wa uuguzi wa afya ya akili, awe anasomea Dodoma au Edinburgh, hukutana mapema na orodha ya njia ambazo nafsi hutumia kujihami: kukana jambo lililo wazi, kumtwika mwenzako hasira zilizo zako, kurudia tabia za utoto, kuzika kumbukumbu isiyovumilika. Sigmund Freud alianza kuandika juu ya kujihami huku mwaka 1894, na binti yake Anna akaipanga elimu hiyo katika kitabu cha mwaka 1936, alichomzawadia baba yake alipotimiza miaka 80. Orodha hiyo ina manufaa yake, na watahini wanaipenda. Ila ilipoingia katika uuguzi iliingia na upofu: ilimfundisha muuguzi kumtazama mgonjwa tu, kana kwamba aliyevaa sare hana nafsi ya kuilinda. Mchango mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ulitolewa miaka ya 1950, pale watu wachache walipouliza jinsi wauguzi nao wanavyojihami, na jinsi kazi yao inavyopangwa ili iwasaidie kujihami. Tangu hapo haikutosha tena kuueleza uhusiano wa muuguzi na mgonjwa kama suala la moyo mwema. Ilibidi kuuliza ni nani anayeubeba wasiwasi wa muuguzi.

Moyo mwema haukuwa umekosekana. Katika hospitali ya Bicêtre, nje ya Paris, aliyewafungua wagonjwa minyororo mwaka 1797 alikuwa msimamizi wao, Jean-Baptiste Pussin, mtu aliyewahi kulazwa hapo hapo. Sifa, kama kawaida, zikamwendea daktari, Philippe Pinel. Pussin alipenda kuajiri wahudumu kutoka miongoni mwa waliopona, kwa kuwa hawakuwa wepesi wa ukatili. Mwaka 1796 Waquaker wa Uingereza walifungua mjini York nyumba ya wagonjwa iliyotanguliza upole na mazungumzo. Lakini karne ya 19 ilijenga hospitali kubwa zilizofurika, na mhudumu akabaki na funguo na kuhesabu vichwa. Hata kitabu cha kuwafundisha wahudumu kilichotoka Uingereza mwaka 1885 kiliandikwa na madaktari.

Kivuli cha daktari kilikuwa bado kirefu Hildegard Peplau alipokamilisha muswada wake huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940. Kitabu hicho, kilichohusu mahusiano kati ya watu katika uuguzi, kilisubiri hadi 1952 kuchapishwa, kwa kuwa haikuwa desturi muuguzi kutoa kitabu cha namna hiyo bila daktari kuwa mwandishi mwenza. Peplau alikuwa amejifunza kwa vitendo Chestnut Lodge, hospitali ya Maryland, na fikra za daktari wa akili Harry Stack Sullivan zilimwingia sana: kwamba wasiwasi haukai ndani ya mtu mmoja, bali hupita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Aliugawa wasiwasi katika ngazi nne, kuanzia ule mdogo unaomfanya mtu awe macho na ajifunze, hadi taharuki ambayo ndani yake mtu haelewi anachoambiwa. Mgawanyo huu una maana kubwa kando ya kitanda. Mgonjwa anayekana ugonjwa wake hapaswi kunyang'anywa ngao hiyo kwa mabishano. Wasiwasi wake hushushwa kwanza, kwa sentensi fupi na mtu aliyetulia. Lakini kama wasiwasi unaambukiza, basi muuguzi anayetetemeka ndani hawezi kumtuliza mwingine. Ndiyo maana Peplau alisisitiza kwamba muuguzi aichunguze tabia yake mwenyewe, si ya mgonjwa peke yake.

Isabel Menzies, wa Taasisi ya Tavistock mjini London, alilitoa swali hilo kwa mtu mmoja mmoja na kulipeleka kwa hospitali nzima. Hospitali moja ya kufundishia mjini humo ilikuwa imemwomba msaada kwa jambo lililoonekana la kiutawala tu, yaani namna ya kuwapangia zamu wanafunzi wa uuguzi. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1960 alieleza kitu kingine kabisa. Muuguzi hakuwa na mgonjwa wake. Alikuwa na kazi zake. Mmoja anapima joto wodi nzima, mwingine anapeleka mabeseni, na mgonjwa hukatwa vipande vya huduma vinavyogawiwa kwa watu wengi, asipatikane hata mmoja wa kumzoea. Mgonjwa huitwa kwa namba ya kitanda, au kwa kiungo kinachougua: ini la kitanda cha 10. Wauguzi wenyewe walilalamika kwamba watu waliolala usingizi mzito huamshwa alfajiri wanawishwe uso, hali usingizi ungewafaa zaidi. Uamuzi mdogo hupanda ngazi hadi kwa mkubwa ambaye hata mgonjwa hamjui. Kila moja ya desturi hizi ilimkinga muuguzi na uchungu wa kuwa karibu na mateso na kifo, na kila moja ilimnyima faraja ya kuona kwamba yeye ndiye aliyemsaidia mtu fulani akapona. Wasiwasi ulikwepwa bila kutulizwa. Takriban theluthi moja ya wanafunzi hawakumaliza mafunzo, na kati ya walioondoka walikuwamo baadhi ya wale bora.

Mtu anaweza kupinga kwamba Menzies alichunguza hospitali ya kawaida, si ya akili, na kwamba kumtwika muuguzi wa wodi moja lawama za wodi nyingine ni kumwonea. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama isingekuwapo makala ya daktari Tom Main, iliyotangulia kwa miaka michache. Main aliiongoza Cassel, hospitali ya akili karibu na London, na mwaka 1957 aliandika juu ya mazungumzo yake na wauguzi wake. Walianza kwa kujiuliza dawa za kutuliza hutolewa wakati gani hasa. Kila muuguzi alikuwa na sababu ya kitaalamu. Walipozidi kusemezana kwa ukweli, ikadhihirika kwamba mara nyingi kidonge kilitolewa pale muuguzi alipofika mwisho wa uvumilivu wake, akishindwa kuyabeba mateso ya mgonjwa bila hasira, hatia au kukata tamaa. Aliyemeza dawa alikuwa mgonjwa. Aliyetulia alikuwa muuguzi. Main hakupiga marufuku dawa wala hakumkaripia mtu. Wauguzi waliendelea tu kujadiliana kila tukio, na matumizi ya dawa hizo yakashuka karibu kabisa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwaka 1952, ule ule wa kitabu cha Peplau, madaktari wa Paris walianza kuonyesha nguvu ya dawa ya kloropromazini, na miaka iliyofuata dawa za namna hiyo zilibadili wodi kuliko mazungumzo yalivyowahi kuzibadili. Hilo halina ubishi. Hata hivyo, kile ambacho Main alikigundua kinahusu mkono unaotoa dawa, na mkono huo haukuondoka. Dawa yenye nguvu zaidi ni njia rahisi zaidi ya kujihami kwa aliyechoka, na hapo swali la Main linakuwa la lazima zaidi.

Linabaki pingamizi la upungufu wa watu, ambalo msomaji anayejua hospitali zetu atalitaja kwanza. Muuguzi mwenye wodi nzima peke yake usiku hana muda wa uhusiano na yeyote, na kumlaumu kwa kujihami ni dhuluma. Nakubali, na Menzies naye hakumlaumu mtu. Lakini hospitali yake ya London ilikuwa na wauguzi wapatao 700, na bado mgonjwa hakuwa na wake. Watu wakiongezwa juu ya mpango ule ule wa kazi, vipande vya huduma huongezeka tu. Wauguzi wa Main walikutana na kuzungumza kati yao, bila kungoja wodi iongezewe watu. Mtu mwenye cheo kinachotosha aliketi nao, akasikia muuguzi akisema kwamba amemchukia mgonjwa fulani, na hakuliandika jambo hilo kwenye faili lake la nidhamu.