Pama ya babu



Najua nimekuwa kimya humu muda mrefu, mtanisamehe, mitihani ilinibana kwelikweli. Leo nina stori ya kofia. Ni historia kabisa, msikimbie.

Tulipomaliza matanga ya babu, baba mdogo alinikabidhi pama yake. Ni ile ya felti, ya kijivu, yenye ukingo. Nilipoivaa ikashuka mpaka kwenye nyusi, wadogo zangu wakacheka mpaka basi. Baba mdogo akasema, "Mwanangu, katafute fundi huko mjini aitengeneze ifuate kichwa chako." Nikarudi nayo chuo.

Fundi sikumpata, nikaamua niifanye mwenyewe. Ila kabla ya kuigusa nikasoma kwanza. Kumbe felti haifumwi kama kitambaa. Ni manyoya ya sungura, ya biva au ya kondoo, yanayolowanishwa, yakapashwa moto na kukandamizwa mpaka yanang'ang'aniana. Ndio maana ikipigwa mvuke inalainika, unaiumba unavyotaka, na ikipoa inabaki hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1865 John B. Stetson, mtoto wa fundi kofia, alianza kutengeneza kofia zake pale Philadelphia, Marekani. Ile iliyompa jina ilikuwa ya kawaida sana: juu mviringo, ukingo mpana ulionyooka, haina bonyeo hata moja. Wachunga ng'ombe wa huko magharibi ndio walioibadilisha. Huyu kaibonyeza juu, yule kapinda ukingo pembeni, mvua nayo ikafanya kazi yake. Kile tunachokiona kwenye sinema kama kofia ya cowboy kilianzia kwenye vidole vya wavaaji. Mtindo mmoja wa mabonyeo manne ukachukuliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911.

Hata huku kwetu ilifika. Baden-Powell alipoanzisha kikosi chake cha polisi Afrika Kusini mwaka 1900 aliwavalisha Stetson, baadaye kofia ya aina hiyo ikawa ya maskauti. Mzee huyo amezikwa Nyeri, Kenya, tangu 1941.

Wakubwa wa Ulaya wao walikuwa na mafundi. Karne ya 19 huko Paris kilibuniwa kifaa kinaitwa konfomata. Unavalishwa kichwani kama kofia, kinatoboa umbo la kichwa chako kwenye kikaratasi kidogo. Hapo ndipo ilionekana wazi kuwa vichwa havilingani: kuna kirefu, kuna kilichobonyea upande mmoja. Fundi anaipasha kofia moto, anaikaza ifuate lile umbo. Sisi wa kawaida tunazungusha futi ya fundi cherehani kwenye paji la uso, juu kidogo ya masikio. Ukipata sentimita 57, namba yako ni 57. Kama unasita kati ya namba mbili, chukua kubwa, maana ya kubana haitanuki sana.

Basi, Ijumaa usiku nikachemsha maji kwenye jagi la umeme la rumeti wangu. Mvuke ukapanda, nikaisogeza pama. Taa ikaipiga kwa mbele, nikaona mabonyeo mawili. Moja la kidole gumba, jingine la vidole viwili. Babu alikuwa anaishika hapo hapo kila anapoivua: akikutana na mkubwa wake njiani, akifika mlango wa kanisa, akiwa makaburini. Miaka yote hiyo, vidole vilevile, mahali palepale.

Darasani tunafundishwa vyanzo vya historia: masimulizi, maandishi, mabaki ya kale. Babu hakuacha hata barua moja. Na mimi, mwalimu mtarajiwa wa historia, nilikuwa nimeshika mvuke mkononi nataka kufuta.

Nikazima jagi. Nikakunja gazeti vipande vyembamba, nikaviingiza nyuma ya ule mkanda wa ngozi wa ndani. Ikakaa.

Jumapili nimeivaa kanisani. Nilipoivua mlangoni vidole vyangu vilienda vyenyewe kwenye mabonyeo yale. Vilipwaya, babu alikuwa na mikono ya jembe.

Baba mdogo akiuliza nitamwambia fundi amekataa.

Haya wadau, nawahi kipindi. Mwenye pama ya mzee ndani aiangalie vizuri kabla ya kuipeleka kwa fundi.