Papwa Sewgolum, mcheza gofu aliyepewa kikombe chake mvuani

Ndugu wasikilizaji na wasomaji wetu wa Nyamitaba, pamoja na ninyi jamaa mlioko kambini mbali na mashamba yenu, tumezoea kuongea juu ya mpira wa miguu. Leo tuongee juu ya mchezo ambao wengi wetu hatujauona kwa macho. Unaitwa gofu. Nataka tumkumbuke mtu mmoja aliyeucheza vizuri kuliko karibu wote wa nchi yake, na bado nchi hiyo ikamwacha nje ya mlango.

Kwanza mchezo wenyewe. Mchezaji anapiga mpira mdogo kwa fimbo ya chuma au ya mti hadi uingie katika shimo dogo lililo mbali. Uwanja una mashimo 18. Mashindano makubwa huchukua siku nne, kwa hiyo mtu hupitia mashimo 72, na anayeshinda ni yule aliyepiga mara chache kuliko wengine. Uwanja wake ni majani mafupi ya kijani juu ya vilima. Anayejua malisho ya Masisi, namna ng'ombe wanavyoyafupisha majani, anaweza kupata picha. Tofauti ni kwamba kule majani hukatwa kwa mashine, na mtu haingii bila ruhusa.

Fimbo ni nyingi na mfuko wake ni mzito. Ndiyo maana tangu zamani matajiri waliwalipa vijana maskini wawabebee. Vijana hao wakaujua mchezo kwa kuutazama. Hata kwa majirani zetu wa Kenya, wachezaji wengi wa kulipwa walianza kama wabeba mifuko. Kenya ina mashindano yake makubwa ya wazi tangu 1967, na mpaka yale ya 2025 hakuna Mkenya aliyeyashinda. Aliyekaribia zaidi ni Jacob Okello, mwaka 1998, alipolingana na Ricardo González wa Argentina na kushindwa katika mashimo ya nyongeza.

Huyu tunayemkumbuka leo naye alikuwa mbeba mifuko, ila kusini zaidi, katika mji wa Durban, Afrika Kusini, ukingoni mwa bahari ya Hindi. Jina lake ni Sewsunker Sewgolum, lakini watu wote walimwita Papwa. Alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 katika jamaa maskini ya Wahindi. Wahindi wa upande ule, uliokuwa ukiitwa Natal, walianza kuletwa mwaka 1860 kulima miwa katika mashamba ya Waingereza. Walibaki, wakazaa, na watoto wao hawakujua nchi nyingine. Papwa hakusoma shule. Kusoma na kuandika hakukumfikia.

Alijifunza gofu peke yake, na alijifunza kinyume. Mtu anayepiga kwa upande wa kulia huweka mkono wa kushoto juu ya fimbo na wa kulia chini yake. Papwa aliweka wa kushoto chini. Mwalimu yeyote angemwambia kwamba hivyo haiwezekani. Lakini hakuwa na mwalimu, na mpira wake ulikwenda alikoutuma.

Mwaka 1948 chama cha wazungu wenye siasa ya ubaguzi kilishika serikali ya Afrika Kusini. Mwaka 1950 ikatoka sheria ya kugawa maeneo: mtaa huu wa wazungu, ule wa Wahindi, ule wa weusi. Familia nyingi zilitolewa katika nyumba zao zikapelekwa kwingine, si kwa sababu ya kosa, ila kwa sababu ya rangi. Ninyi mliohamishwa hamna haja ya kuelezwa jambo hilo. Mwaka 1953 ikaongezeka sheria nyingine ya kutenga viti, milango, fukwe na viwanja. Papwa aliweza kubeba mfuko wa mzungu uwanjani. Kushindana naye kulikuwa jambo jingine.

Mlango ulifunguka kupitia mtu mmoja, Graham Wulff, mfanyabiashara aliyetengeneza mafuta ya uso yaliyojulikana kwa jina la Oil of Olay. Alikiona kipaji cha Papwa, na mwaka 1959 akamchukua kwa ndege yake ndogo hadi Ulaya. Mwaka huo huo Papwa alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi. Akashinda tena 1960, na mara ya tatu 1964. Hebu fikirini: wazungu wengi waliotunga sheria za ubaguzi kule Afrika Kusini walikuwa wajukuu wa Waholanzi. Katika nchi ya babu zao, Papwa alishindana kama mchezaji mwingine yeyote na kupokea kikombe. Nyumbani kwake alihitaji kibali cha serikali ili akanyage majani.

Kibali kilipatikana mwaka 1963. Papwa aliruhusiwa kucheza mashindano ya wazi ya Natal, katika klabu kubwa ya Durban, pamoja na wazungu. Kati yao alikuwemo Harold Henning, mmoja wa mabingwa wa nchi. Papwa akawashinda wote.

Siku ya kutoa kikombe mvua ilinyesha. Desturi ilikuwa kukabidhi kikombe ndani ya nyumba ya klabu, watu wakinywa na kupiga makofi. Lakini sheria haikumruhusu Mhindi kuingia mle. Basi wazungu walijikinga ndani, na bingwa akasimama nje. Papwa alipokea kikombe chake mvuani. Redio ya serikali, iliyokuwa itangaze mashindano hayo, ilikatiza matangazo yake.

Kulikuwa na mpiga picha. Alichukua picha ya mtu mwembamba aliyelowa akipewa kikombe, na picha ile ikazunguka dunia katika magazeti. Serikali ile ilikuwa ikiziambia nchi nyingine kwamba watu wake wanaishi vizuri, kila mmoja upande wake. Sasa kila mtu aliona. Mwaka uliofuata Afrika Kusini ilikataliwa katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, na mwaka 1970 ikafukuzwa kabisa katika Olimpiki. Picha ya Papwa haikufanya hayo peke yake, maana watu wengi walipigania jambo hilo kwa miaka. Lakini iliwapa kitu cha kuonyesha ambacho hakuna waziri aliyeweza kukikanusha.

Mwaka 1965 Papwa alirudi katika mashindano ya Natal. Safari hii aliyemfuata nyuma alikuwa Gary Player, mzungu wa Afrika Kusini, mmoja wa wachezaji bora wa dunia wakati ule. Papwa akamshinda. Tungedhani kwamba baada ya hapo milango ingefunguka. Ilifungwa zaidi. Muda si mrefu serikali ilimzuia kucheza mashindano ya nchi yake pamoja na wazungu. Mtu aliyekuwa anakula kwa mikono yake akanyimwa kazi akiwa katika nguvu zake. Alifariki mwaka 1978, bado hajafikia umri wa miaka 50, akiwa maskini.

Hilo ndilo jambo gumu katika habari hii, na sitalipamba. Wakubwa huwaambia wanaoonewa: fanyeni bidii, mtaheshimiwa. Papwa alifanya bidii, akashinda mbele ya macho ya wote, na ushindi wake ndio uliowaudhi. Kipaji chake hakikuivunja sheria. Sheria ilivunjwa baadaye, na watu wengi kwa pamoja, hadi uchaguzi wa 1994 ambapo kila mtu alipiga kura. Papwa alikuwa kaburini miaka 16.

Lakini alikumbukwa. Serikali mpya ilimpa nishani ya taifa, ingawa hakuwepo kuivaa. Na katika mji uleule wa Durban kuna uwanja wa gofu wa manispaa unaoitwa Papwa Sewgolum.

Alikumbukwa kwa sababu kulikuwa na picha, kulikuwa na hesabu ya mapigo iliyoandikwa, na kulikuwa na watu waliosimulia. Wale waliomwacha mvuani wangependa siku ile isahaulike. Kwetu sisi, kila familia iliyotoka kijijini kwake ina mambo ambayo mtu mwingine angependa yasahaulike: jina la kilima, mpaka wa shamba, majina ya wazee waliozikwa pale, mwaka tuliotoka. Basi tuyaandike, na asiyejua kuandika amwambie mtoto anayejua. Papwa mwenyewe hakujua kuandika, lakini wengine walimwandikia, na leo habari yake imefika hadi Nyamitaba.