Trésor Mputu: kiungo wa Mazembe aliyekosa fainali ya dunia

Kabla ya mwaka 2015, Bendera na Kalemie yote zilikuwa bado ndani ya jimbo la Katanga, na timu ya Katanga ilikuwa TP Mazembe ya Lubumbashi. Wakaaji wengi waliofuata mpira kwenye redio miaka ile wanalikumbuka jina la Trésor Mputu Mabi, kiungo mshambuliaji, mzaliwa wa Kinshasa mwaka 1985.

Mwaka 2009 ulikuwa wake. Mwezi wa tatu, Kongo ilishinda Ghana 2-0 mjini Abidjan na kubeba kombe la kwanza la CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao. Mwezi wa kumi na moja, Mazembe ilifungwa 2-1 na Heartland kule Nigeria, kisha ikashinda 1-0 Lubumbashi. Bao la ugenini likaipa Ligi ya Mabingwa ya Afrika, taji ambalo haikulipata tangu 1968. Kwa mwaka huo, shirikisho la mpira la Afrika likamtaja Mputu mchezaji bora kati ya wanaocheza barani.

Miezi michache baadaye mambo yakageuka. Mwezi wa tano 2010, Mazembe ilikuwa Kigali kwa Kombe la Kagame. Katika mechi na APR, Mputu alimkasirikia mwamuzi na kumshambulia. FIFA ikamfungia mwaka mzima, asicheze popote duniani.

Mazembe haikusimama kumngojea. Iliifunga Espérance ya Tunisia 5-0 Lubumbashi, ikatoka sare 1-1 Tunis, ikabaki bingwa wa Afrika. Mwezi wa kumi na mbili ikaenda Abu Dhabi kwa Kombe la Dunia la Vilabu. Ikaitoa Pachuca ya Mexico 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0. Kipa Kidiaba akashangilia kwa kurukaruka ameketi chini, na dunia nzima ikacheka naye. Hakuna timu nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini iliyokuwa imewahi kufika fainali hiyo. Tarehe 18 Desemba, Inter Milan ikashinda 3-0.

Mchezaji bora wa mwaka uliotangulia hakuwa uwanjani. Hakuumia, wala kocha hakumwacha. Hasira ya mechi moja ndiyo iliyomzuia.

Hata mwaka uliofuata haukumpa nafasi ya kulipa deni. Mwezi wa tano 2011, Simba ya Tanzania ililalamika kwamba Mazembe ilimchezesha Janvier Besala Bokungu bila haki, na Mazembe ikaondolewa kwenye Ligi ya Mabingwa.

Mputu hakuacha mpira. Januari 2013, kwenye Kombe la Afrika kule Afrika Kusini, Kongo ilikuwa nyuma 2-0 mbele ya Ghana. Mputu akafunga la kwanza, Mbokani akasawazisha kwa penalti, mechi ikaisha 2-2. Mwaka huohuo Mazembe ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho ikashindwa na Sfaxien ya Tunisia. Mwaka 2014 akahamia Kabuscorp ya Angola. Mazembe ilipochukua tena Ligi ya Mabingwa mwaka 2015, hakuwamo. Baadaye akarudi Lubumbashi.

Kwa hiyo mataji mawili ya Afrika, la 2010 na la 2015, yalipatikana bila yeye. Hilo halifuti la 2009, wala bao la kuwainua wenzake mbele ya Ghana. Linaonyesha tu kwamba timu huendelea na safari hata bila aliye hodari kuliko wote. Kijana anayepiga mpira wa matambara leo, kijijini kwao au mahali familia yake ilipokimbilia, anaweza kumsifu Mputu kwa miguu yake na kujifunza kwa kilichompata Kigali. Mwamuzi akikosea, mechi inapotea siku moja. Mchezaji akimgusa, anaweza kupoteza mwaka, na katika mwaka huo ndipo wenzake walipofika fainali ya dunia.