Kombe la Mtemi na Mkufu wa Freyja: Kalamu ya Kanisa Mbele ya Vito vya Wahenga

Katika nchi ya Wasukuma, ambamo utemi wa Ntuzu ulienea katika eneo la Bariadi, kisahani cheupe kilichokatwa katika kombe la konokono wa baharini kilikuwa miongoni mwa alama za mtemi. Kilitoka Bahari ya Hindi, kikapelekwa bara na misafara ya biashara. Pwani lilikuwa kombe tu. Bara likawa alama ya mamlaka na ya kifungo kati ya mtemi na wahenga wake. Mwaka 1963 sheria ilifuta utemi, na kombe likabaki bila kiti. Je, mchungaji akiletewa kitu hicho na mwongofu, akihukumuje?

Historia ya Ulaya ya Kaskazini inatupa onyo. Freyja, mungu wa kike wa watu wa huko, alikuwa na mkufu ulioitwa Brisingamen. Snorri Sturluson, Mkristo wa Iceland aliyeandika katika karne ya 13, asimulia jinsi Heimdall alivyoupigania dhidi ya Loki. Hapo mkufu ni hazina yenye heshima. Lakini katika kitabu Flateyjarbók, ambacho kiliandikwa na mapadre wawili kuanzia mwaka 1387, twasoma kwamba Freyja aliupata kwa kulala na mafundi wanne, usiku mmoja kwa kila fundi. Iceland ilikuwa imepokea Ukristo yapata mwaka 1000. Waabudu wa Freyja hawakuwapo tena kujibu, na aibu hiyo ndiyo ikumbukwayo zaidi.

Maandiko hayatoi hukumu moja kuhusu vito. Yakobo alizika pete za masikio chini ya mwaloni (Mwa. 35:4). Dhahabu ya masikioni ilifanyizwa ndama (Kut. 32), na dhahabu ya watu wale wale ikaijenga maskani (Kut. 35:22). Kilichopimwa ni ibada, wala si madini.

Padre David Clement, Mkatoliki, alichagua njia nyingine: huko Bujora, karibu na Mwanza, alihifadhi vifaa vya watemi katika makumbusho. Sisi Walutheri tusione haya kujifunza kwake. Mwanafunzi apelekwaye Simiyu na aulize kwanza, aandike maneno ya wazee kama walivyoyasema, ndipo ahubiri. Injili haihitaji kumsingizia mtu ili imshinde.