Jina Ndani ya Mabano

Kabatini kwangu nina kaseti 213 na santuri arobaini na kitu, na karibu zote ni za kina dada. Yumo Whitney Houston, yumo Madonna, wamo Mbilia Bel, Brenda Fassie, Yvonne Chaka Chaka, Miriam Makeba na Tracy Chapman. Wanaume wamo wachache, nao waliingia kwa kuazimwa wakasahauliwa humo. Washikaji wa kijiweni wananiita Mzee wa Masista, nami sikasiriki. Ila leo sitaki kubishana nani kamzidi nani sauti. Nataka kueleza kosa nililofanya mwaka 1987, na jinsi lilivyonifundisha kusoma maandishi madogo.

Wa rika langu mnajua ilivyokuwa. Albamu halisi dukani huipati, na ukiipata, bei yake inakufukuza. Basi tulikwenda kwenye vibanda vya kurekodi. Jamaa ana santuri moja ya Whitney, ana deki mbili, na ukutani kabandika orodha ndefu ya majina. Unampelekea kaseti yako, unalipa, anakwambia njoo kesho. Kama huna kaseti tupu, unachukua ya zamani nyumbani, unaziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi iliyotafunwa, na mashine inakubali kurekodi juu ya yaliyokuwamo. Kesho yake unakuta kazi tayari, na ubavuni pameandikwa kwa kalamu ya wino neno moja tu: WHITNEY.

Neno hilo moja lilitutosha. Nani alitunga, nani alipiga kinanda, mwaka gani, hayo hayakumhusu mtu pale kibandani. Na huyo Whitney mwenyewe hakuiona hata senti yetu moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki imekuja kutungwa mwaka 1999, na hata ile ya 1966 iliyokuwapo kabla yake, sisi wateja wa vibandani hatukuwahi kuisikia ikitajwa. Mkusanyaji mzima mimi, kumbe nusu ya mkusanyiko wangu ni mali ya wizi. Nasema wazi ili asije mtu akanisemea.

Neno "albamu" lina kisa chake. Zamani santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba kama dakika tatu hivi za muziki. Ukitaka nyimbo nyingi za mtu mmoja unauziwa santuri kadhaa, zimepangwa ndani ya kitabu cha mifuko, mfano wa kile cha kuwekea picha za familia. Kitabu hicho ndicho albamu. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia huko Marekani ikatoa santuri ndefu, upande mmoja zaidi ya dakika ishirini, na kitabu kikafa jina likabaki. Kaseti ya Philips ikafuata mwaka 1963. Lakini hata kitabu kilipokufa, desturi ya kuandika ilibaki: jina la wimbo, na chini yake, kwa herufi za kusoma umekunja uso, jina la mtunzi ndani ya mabano. Sisi wa kibandani mabano hayo hatukuwahi kuyaona.

Mimi niliyaona mwaka 1995. Mgeni mmoja alikuwa anauza vitu vyake ili arudi kwao, nami nikapata santuri halisi ya albamu ya kwanza ya Whitney, ile ya 1985. Miaka minane nilikuwa naijua kwa moyo. Nikaketi na jalada mapajani nikasoma kila herufi. Nyimbo kumi, na jina la Whitney halimo kwenye mabano hata mara moja. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba barua za mapenzi alizotunza ziliandikwa na jirani.

Lakini ule wimbo mkubwa wa upande wa pili, "Greatest Love of All", mabano yake yana majina mawili: Masser na Creed. Baadaye nikaja kujua Creed ni nani. Ni Linda Creed, mwanamke wa Philadelphia. Maneno ya wimbo ule aliyaandika akiwa anaugua saratani ya matiti, na aliyeuimba kwanza ni George Benson mwaka 1977, kwa ajili ya filamu ya maisha ya Muhammad Ali. Linda Creed alifariki Aprili 1986. Mwezi uliofuata, Mei, wimbo wake kwa sauti ya Whitney ulikuwa namba moja Marekani. Dunia nzima ikaimba maneno ya marehemu, na sisi huku Bongo tuliyaimba bila hata kujua kuna mtu aliyeyaandika.

Tangu siku hiyo nikawa na ugonjwa wa mabano. Ukisikia "I Will Always Love You" utasema ni ya Whitney, wa filamu ya The Bodyguard ya 1992. Mabano yanasema Dolly Parton. Dada huyo alikuwa keshautoa mwenyewe mwaka 1974, akimuaga Porter Wagoner aliyekuwa akifanya naye kazi. Elvis Presley akautaka, na meneja wake akadai nusu ya haki za wimbo. Parton akakataa. Alisema baadaye kwamba alilia, maana nani asiyetaka Elvis aimbe wimbo wake? Lakini alikataa. Whitney alipouimba miaka kumi na minane baadaye, haki za mtunzi zote zilikuwa bado mikononi mwa aliyeutunga. Ninyi mnaotaka kuwa waandishi, kisa hicho kiwekeni karibu na kalamu.

Kwa Mbilia Bel nilipata pigo la aina nyingine. Hapa kwetu miaka ya 1980 hukuwa na redio kama hukumsikia. Aliimba malalamiko ya mwanamke wa ndoa mpaka mama zetu, ambao Kilingala hawajui, wakatikisa kichwa kwa uchungu. Kumbe nyimbo nyingi alizoimba akiwa na Afrisa zilitungwa na Tabu Ley. Sauti ya mke, kalamu ya mwanamume. Simpunguzii Mbilia heshima, maana maneno yale mtu mwingine angeyaimba yasingetuliza. Ila sasa nikimsikiliza nasikia watu wawili.

Na mabano yenyewe si msahafu. Chukua "Malaika". Miriam Makeba, aliyenyang'anywa pasipoti na makaburu na baadaye akapewa ya Tanzania na Mwalimu Nyerere, aliuimba na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965, ile iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mtunzi ni nani? Wapo wanaoapa ni Fadhili William, wapo wanaoapa ni Adam Salim, na wote wawili wamekufa ubishi haujaisha. Wimbo unaojulikana kuliko yote kwa lugha yetu, na sisi wenyewe jina la kutia ndani ya mabano linatushinda.

Aliyenifurahisha ni Tracy Chapman. Tarehe 11 Juni 1988, kwenye uwanja wa Wembley, watu walipokuwa wakiadhimisha miaka 70 ya Mandela aliyekuwa bado gerezani, Stevie Wonder alikwama kwa tatizo la vyombo vyake, wakamrudisha jukwaani huyu dada na gitaa lake peke yake. Albamu yake ya kwanza ilikuwa mpya, ina nyimbo kumi na moja, na mabano yote yana jina moja: lake. Mwaka 2023 mwimbaji wa kizungu wa muziki wa kantri, Luke Combs, akaurudia "Fast Car", na tuzo ya wimbo wa mwaka ya CMA, ambayo hupewa mtunzi, ikaenda kwa Tracy. Miaka 35 imepita, na jina bado liko mahali pake. Hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kupata tuzo hiyo kabla yake.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Ile kaseti niliyoipeleka kibandani mwaka 1987 niliitoa kwenye boksi la baba. Haikuandikwa kitu. Nikadhani ni mahubiri au hotuba, sikuisikiliza. Baba alipogundua hakunipiga, na afadhali angenipiga. Ilikuwa arusi ya Tanga ya mwaka 1979, aliyoirekodi kwa redio kaseti yake, na anayeimba ni shangazi yangu. Shangazi alikuwa akiitwa arusini kuimba, na maneno akiyatunga palepale, kwa kumtazama bibi arusi na kuwatazama wakwe. Hapakuwa na nakala nyingine. Albamu ya Whitney ilikuwa na mamilioni ya nakala duniani, na mimi nikaongeza moja kwa kuifuta ile iliyokuwa moja.

Siti binti Saad alibahatika kwenda Bombay na kikundi chake mwaka 1928, sauti yake ikaingia kwenye santuri, na Shaaban Robert akaja kumwandikia wasifu. Shangazi hakupata Bombay wala Shaaban. Alipata mpwa mwenye karatasi ya kutafuna.

Ila kaseti ilikuwa ya dakika sitini, na albamu haifiki hamsini. Jamaa wa kibandani alizima mashine wimbo wa mwisho ulipokwisha. Upande wa A, baada ya Whitney kunyamaza, zimebaki dakika kama sita za vyombo kugongana na watu kuitana. Upande wa B, kuna vigelegele, halafu sauti ya shangazi inaanza ubeti, inaingia wa pili, utepe unakwisha.

Mwaka juzi nilimpelekea Tanga, naye keshapita miaka themanini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umeniletea nini?"

Nikamsikilizisha. Akacheka, akafuta macho, akacheka tena. Nikamwomba animalizie ubeti ule.

"Yalikuja siku ile, yakenda siku ile," akasema. "Nitayatoa wapi mie?"

Nikamwambia nataka kumwandika gazetini. Akakataa katakata, asije akasemwa mtaani. Ndiyo maana hapa simtaji. Nikamwuliza, kwenye kasha la kaseti je?

"Huko niandike," akasema. "Jina langu lote, na la baba yangu."

Nikaliandika palepale mbele yake, chini ya WHITNEY, ndani ya mabano. Akanitaka nimsomee kwa sauti, nikamsomea mara mbili.